Bi Mkubwa Amelazwa

Daftari la dada lina kurasa arobaini na nane. Arobaini na saba zina eli, moja ina laga.

Eli ni bia ya watu wasio na friji. Unachemsha maji ya kimea, unatia maua machungu, unaacha yapoe, unamwagia chachu, unafunika ndoo, halafu joto la chumba linamalizia kazi. Chachu yake inapenda joto kama paka. Inapanda juu, inatoa povu, inapiga kelele siku tatu bila kupumzika, na wiki ya tatu mnakunywa. Dada alinifundisha hayo nilipomaliza darasa la saba, nikawa sina la kufanya ila kumfuata nyuma kama mkia. Yeye akaendelea na shule, mimi nikabaki na ndoo. Sijutii. Wako wanaosoma vitabu, mimi nasoma povu.

Ukurasa wa mwisho aliandika hivi, kwa kalamu nyekundu:

LAGA. Bia ya kulazwa. Inataka baridi na subira. Tukipata friji.

Hapo alikuwa chuo cha unesi, kila kitu kwake kilikuwa cha kulazwa. Hata nguo mbichi alisema zimelazwa kwenye kamba. Kabla hatujapata friji akapata kazi, hospitali ya mji wa mbali, safari ya usiku mzima na nusu ya mchana. Akafunga begi, akaniachia daftari, akaenda.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, chake cha dirishani, changu cha mlangoni. Siku ile ile aliyoondoka, basi halijafika hata nusu ya njia, nilimtumia ujumbe wa sauti: "Dada, kitanda chako nikilalie au nikiache?" Niliuliza kwa sababu ya dirisha, upepo wote unaingilia hapo. Hakujibu. Nikasema amechoka na safari. Nikakitandika shuka safi, nikakiacha.

Miaka minne nikakiacha.

Msidhani alitutupa. Jumapili alipiga simu akaongea na Mama, habari za miguu, habari za mvua. Mimi nikipewa simu, mtandao unaharibika. "Hujambo mdogo wangu? Haloo? Naona simu inakata." Nikimwandikia, anajibu kwa maandishi, mafupi kama ya kwenye chupa ya dawa. Lakini mimi kuandika kunanichosha, herufi zinanichelewesha, basi nikawa namtumia sauti. Kila mpiko wa bia nilimsimulia. Kila mpiko ulikuwa na jina, maana desturi hiyo aliianza yeye mwenyewe. Alikuwa akisema kitu kisicho na jina hakisikii ukikiita. Nilimsimulia Mkorofi, aliyerusha vifuniko vya chupa na kuchafua gauni la Mama la kutokea. Nilimsimulia Msengenyaji, aliyenong'ona wiki nzima pembeni ya kabati. Nilicheka mle kwenye simu peke yangu, nikamwachia nafasi ya kucheka na yeye, kisha nikaendelea.

Likizo zake kila moja ilikuwa na sababu. Mwenzake amejifungua. Wodi imejaa. Mwakani.

Sasa, friji ililetwa na Fundi Baridi. Ni jirani yetu, anatengeneza mafriji ya mtaa mzima na kwake anakunywa maji ya mtungi. Alikuja akiisukuma juu ya mkokoteni, jasho linamchuruzika.

"Bi Mkubwa!" akamwita Mama kutoka mlangoni. Yeye humwita hivyo kila siku, kwa heshima na kwa kutafuta kikombe cha bia. "Nimewaletea maiti."

"Maiti peleka kwako," Mama akasema.

"Nimeifufua. Barafu haigandishi tena, imezeeka, lakini baridi inayo. Mwenyewe kahama, kaniachia. Nikasema, yule binti wa ndoo ataipenda."

Niliipenda kabla hajamaliza kusema. Nilifungua mlango wake, nikaingiza mkono, nikausikia ule ubaridi unavyotulia juu ya ngozi. Tatizo likawa pa kuiweka. Jikoni hapageuziki hata paka. Mama akaangalia chumbani kwetu.

"Toa kitanda cha dada yako. Kimekaa hapo kama kaburi, kila siku unakipangusa."

"Hapana, Mama."

"Mwenyewe hayupo!"

"Atakuja."

"Wewe mtoto una kichwa kigumu kama kokwa."

Nikatoa changu. Friji ikakaa mlangoni, mimi nikalala chini, kwenye godoro, katikati ya friji na kitanda kitupu. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwandikia dada, safari hii kwa maandishi, herufi moja moja: Tumepata friji.

Alijibu papo hapo. Haijawahi kutokea.

"Kweli??"

Halafu: "Pika laga."

Halafu: "Ikiwa tayari nakuja kuinywa. Nina likizo ya siku saba. Naapa safari hii. Niambie tu tarehe."

Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Wiki mbili za kuchachuka, wiki sita za kulazwa, mbili za kwenye chupa. Nikampa tarehe. Akaandika: "Nimeomba likizo. Wamekubali." Nikaizungushia ile siku kalamu nyekundu, kisha nikaona haitoshi, nikaizungushia tena.

Sasa niwaambie laga ilivyo, maana mimi mwenyewe nilidhani ni eli iliyotiwa baridi. Siyo. Chachu yake haipandi juu, inafanya kazi chini, kwenye sakafu ya ndoo, tena kwenye baridi. Nilipika Jumamosi kama nilivyopika siku zote, jiko ni lile lile, sufuria ile ile. Nikapoza maji ya kimea mpaka mkono unakufa ganzi, nikamwaga chachu, nikafunga kifuniko chenye kile kibomba cha kupumulia, hewa inatoka, ya nje haiingii. Nikaingiza kwenye friji. Nikakaa mbele yake nikisubiri nisikie.

Kimya.

Eli kufikia kesho yake asubuhi ingekuwa inacheza ngoma. Hii Jumapili kimya. Jumatatu nilitoka kwa dobi, ndiko ninakofanya kazi ya kukunja mashuka, nikaenda moja kwa moja kuweka sikio kwenye ndoo. Kimya. Maji yametulia kama hakuna aliyeyafanyia kitu.

"Imekufa hiyo," Mama akasema. "Baridi imeiua. Itoe, iweke karibu na jiko ipate joto."

"Mwaga," Fundi akasema. "Friji yangu haina kosa lakini."

Miaka yote nimejua kitu kimoja, kwamba chachu ikilala unaipa joto. Nilishaishika ndoo masikio yake mawili. Nikasoma tena karatasi ya pakiti, taratibu, kidole chini ya kila neno: inaweza kuchukua saa sabini na mbili. Nikairudisha. Nikafunga mlango. Nikakaa juu ya mikono yangu.

Jumanne jioni kikatoka kiputo kimoja. Nikasubiri sana kabla ya kingine. Ndiyo hivyo, kiputo, halafu kimya kirefu, halafu kiputo, kama mama mtu mzima unayemwamkia, anamaliza kwanza kufunga khanga yake ndipo akuitikie. Hapo nikajua jina lake. Huyu si Mkorofi wala Msengenyaji. Huyu ni Bi Mkubwa.

Mwisho wa wiki ile nilimtumia dada sauti ya dakika tatu nzima. Nikamweleza jina lilivyokuja, nikaigiza kile kiputo kwa mdomo. Nikamweleza siku ya tano ilivyotoa harufu, Mama akaingia chumbani akauliza, "Nani kavunja yai bovu humu?" Kumbe laga ikichachuka hunuka hivyo, kisha harufu hujiondokea yenyewe. Nikacheka, nikamwachia nafasi.

Alijibu kwa maandishi: "Sawa mdogo wangu. Nina zamu."

Wiki mbili zikaisha. Nikaitoa kwenye baridi siku mbili, chachu iamke kidogo ijilambe yenyewe, maana isipofanya hivyo bia inabaki na ladha ya siagi. Kisha nikaihamishia kwenye ndoo nyingine safi kwa mpira mwembamba, nikaacha machicha yake chini, nikairudisha kwenye friji, na safari hii nikaipeleka friji mwisho wa nguvu zake. Sindano ya kipimajoto ikashuka mpaka karibu na sifuri. Hapo ndipo kulazwa kwenyewe kunapoanza. Hufungui, hutikisi, huchungulii.

Nilikuwa na furaha, mikono ina povu la sabuni, nikaandika haraka haraka, mimi ninayechukia kuandika. Niliandika kwa sababu tarehe ni jambo la kuandikwa. Niliandika hivi:

"Dada, Bi Mkubwa amelazwa leo asubuhi. Baridi tupu. Tumeambiwa tusimsumbue, wiki sita. Tuombee."

Nikatuma. Nikaiweka simu ukingoni mwa beseni, nikaanza kuosha mpira. Mpira una tabia ya nyoka, ulijipinda, ukaipiga simu, simu ikaingia kwenye maji ya sabuni chubwi! Nyumbani simu ni hiyo moja, ya Mama ilikufa siku nyingi. Niliitoa, nikaipangusa, nikaizika ndani ya gunia la kimea kikavu, maana Fundi alisema nafaka kavu hunyonya maji.

"Siku tatu usiiguse," akasema.

"Na hii nayo?" Mama akauliza. "Nyumba hii kila kitu siku hizi ni kusubiri."

Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Mama alikuwa nje mlangoni, amekaa kwenye kigoda, anasugua masufuria kwa mchanga. Mimi nilikuwa naanika chupa. Pikipiki ikasimama. Akashuka mtu mwenye sare nyeupe ya unesi, sweta juu yake limevaliwa nyuma mbele, hereni sikio moja tu. Alikuwa amekonda. Nilimtambua kwanza kwa miguu, anavyokanyaga kwa nje, kisha ndipo nikaamini uso.

Alimwona Mama, akasimama kama amepigwa.

"Mama?"

"He!" Mama akainuka na sufuria mkononi. "Wewe! Nani kafa?"

"Mama, umetoka lini?"

"Nimetoka wapi?"

"Hospitali!"

"Hospitali nimefuata nini mimi?"

Dada akamshika Mama mabega, akamgeuza huku na huku, akamvuta kope ya chini, akamshika mkono akaanza kuhesabu mapigo ya moyo. Mama kamwachia, sufuria inamwagika mchanga. Kisha dada akanigeukia mimi.

"Aliyelazwa ni nani? Wewe si umeandika bi mkubwa amelazwa? Kalazwa wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, furaha ilikuwa imenijaa mpaka akili ikakosa pa kukaa. Nikamjibu alichouliza.

"Yuko kwenye friji."

Dada alikaa chini pale pale kwenye matope ya maji ya chupa. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, ya mtu anayevuta hewa na haiji. Nilimkimbilia.

"Bia, dada! Bia! Bi Mkubwa ni bia! Laga!"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Aliuachia ule mwili wake wote, akajipiga mapaja. "Nimewekwa kwenye friji! Mimi! Na Fundi kanifufua!" Fundi Baridi akatokea kwake kuona kuna nini, akaelezwa, na yeye akalazimika kukaa kwenye kigoda cha Mama. Dada alicheka, akalia, akacheka tena, kamasi na machozi pamoja. Kisha akaniangalia.

"Ungeandika basi kwamba ni bia."

"Nilikwambia, dada. Nilikutumia sauti. Dakika tatu nzima nilikueleza jina lake."

Akaangalia viatu vyake.

Alikuwa amempa Mama simu yake asome ule ujumbe wangu mwenyewe, na Mama bila miwani akanipa mimi. Niliusoma, ukawa kweli unatisha. Kisha kidole changu kikapandisha juu, sikukituma. Sauti zangu zote zilikuwa mle, zimepangana kama chupa kwenye kreti, na kila moja pembeni ina kile kidoti cha ujumbe ambao haujasikilizwa. Nikapandisha. Kidoti. Nikapandisha. Kidoti. Msengenyaji, kidoti. Mkorofi, kidoti. Nilipandisha mpaka kidole kikachoka, nikamrudishia simu yake. Niliingia ndani nikamchemshia maji ya kuoga.

Alikuwa na siku tatu, na moja ilikuwa imeshaliwa na njia. Alituambia wakati wa kula. Walipomwona kazini anatetemeka walimpa ruhusa ya dharura, lakini watu ni wachache, basi ilibidi aziachie zile siku saba alizoomba. Alisema huku anavunja mkate vipande vidogo vidogo na havili.

"Kwa hiyo ile tarehe?" nikauliza.

"Ile tarehe haipo tena, mdogo wangu."

Niliitazama kalenda. Miduara miwili myekundu. Mimi niliyekaa juu ya mikono yangu siku tatu nisiiguse ndoo, mimi ndiye niliyeharibu kwa mstari mmoja.

Alilala kwenye kitanda chake. Aliuliza changu kiko wapi, nikamwonyesha friji. Akaitazama friji, akatazama shuka lake lilivyonyooka.

Kesho yake tulishinda pamoja na hatukuzungumza la maana. Alinionyesha jinsi ya kumfunga Mama goti. Nilimwonyesha daftari, niliposahihisha vipimo vyake. "Hapa uliandika vijiko vinne, vinatosha vitatu." "Ulijuaje?" "Nilionja." Akacheka. Lakini kila nilipotaka kuuliza lile, Mama anaingia.

Siku ya kuondoka, begi limeshafungwa, basi ni saa nane, Mama ameenda kumtafutia matunda ya njiani. Dada alikuwa amesimama mbele ya friji, kiganja kwenye mlango wake, kama anavyowashika wagonjwa paji la uso.

"Nionjeshe."

"Haijalala, dada. Ina siku tano tu."

"Na mimi naondoka baada ya saa moja."

"Itakuwa mbichi."

"Mdogo wangu, nimekuja kwa maiti, niondoke bila hata bia?"

Watu wa ndoo watanielewa. Bia iliyolazwa huifungui. Ukifungua, hewa inaingia, na hewa ikiingia, wiki sita zako zinaweza kugeuka siki. Tena niseme ukweli wote: ndani yangu nilikuwa nataka aondoke hajaonja. Nilikuwa na hesabu yangu. Asipoonja, atarudi kuonja. Nilishika mlango wa friji upande mmoja, yeye kaushika upande mwingine, tukatazamana.

Niliona lile sweta. Alikuwa amelivaa tena nyuma mbele.

Nikachemsha maji nikaosha mpira mara mbili. Nikafungua kifuniko upana wa kidole tu, nikapitisha mpira, nikavuta, nikajaza glasi moja. Nikafunga haraka. Ilikuwa ya rangi ya majani makavu, bado ina ukungu kidogo, haina povu, haina gesi. Tukakaa kwenye ukingo wa kitanda chake, glasi moja, watu wawili.

Alikunywa, akaikaza midomo.

"Mbaya," akasema.

"Nilikwambia."

"Mbele nzuri, nyuma inakwaruza." Akanywa tena. "Na yai nalisikia kwa mbali." Akanywa tena, akanipa. Ilikuwa vile vile alivyosema. Chini ya ule ubichi lakini kulikuwa na kitu kimetulia, safi, ambacho eli zangu zote hazijawahi kuwa nacho. Kilikuwa mbali, kama mtu anayekuja barabarani hujamjua bado.

Hapo ndipo nikauliza. "Mbona hunisikilizi?"

Alizungusha glasi.

"Mwaka wa kwanza nilisikiliza mmoja," akasema. "Ulikuwa unaeleza bia iliyoruka, sijui."

"Mkorofi."

"Hata sikufika kwenye kuruka. Ulisema 'Dada' tu, ukavuta pumzi kama unavyovuta. Nilikaa chooni, wagonjwa wananiita, nikashindwa kutoka. Saa nzima. Niliukata, nikauweka kama sijausikia. Nikasema nikizoea mji nitasikiliza zote. Kisha zikawa nyingi." Akanitazama. "Ndiyo maana na likizo siji. Najijua. Nikija nikaona hiki kitanda sirudi kazini, na goti la Mama linataka dawa. Lakini sijafuta hata mmoja, mdogo wangu. Nimezilaza."

Lilikuwa neno letu, na alilisema kwa upole. Nilitaka kulipokea. Ila nilikuwa nimekunja miaka minne kama mashuka, na hayakuingia kabatini.

"Kulaza ni wiki sita, dada," nikasema. "Ina tarehe. Kisicho na tarehe hakijalazwa, kimesahauliwa."

Alimaliza glasi mpaka tone, ile bia mbaya, akaiosha mwenyewe, akaifunika kwenye sinia. Mama akarudi na matunda. Tukamsindikiza. Dirishani kwenye basi aliweka kiganja kwenye kioo, na mimi nikaweka changu upande wangu, kioo kilikuwa cha moto.

Niliporudi nilisubiri siki. Kila wiki nilitia pua kwenye kile kibomba, nikitafuta ule ukali. Haukuja. Wiki ya tatu ukungu ukaanza kushuka, ukawa tabaka chini. Wiki ya sita nikatia kwenye chupa, sukari kidogo kila moja kwa ajili ya gesi, nikazipanga kwenye joto wiki mbili, kisha nikazirudisha kwenye baridi. Simu yangu ilifufuka, ina harufu ya kimea mpaka leo. Dada alituma maandishi kama kawaida. Nimefika. Nina zamu. Goti vipi. Mimi sikutuma sauti hata moja. Nilijibu kwa herufi. Goti zuri.

Tarehe ya miduara miwili ikafika yenyewe, bila kualikwa. Tulifungua mchana, mimi, Mama na Fundi Baridi. Chupa ilipumua. Niliimimina polepole ukingoni mwa glasi, povu jeupe likasimama juu, na chini yake, jamani, ilikuwa angavu kama maji ya dhahabu. Niliinua glasi mbele ya kalenda nikasoma tarehe kupitia ndani yake, namba zote, na ile miduara.

Fundi akanywa, akafumba macho. "Bi Mkubwa," akasema, hatukujua anamwambia nani. "Hii friji yangu hii, mtu asiniambie kitu."

Mama alikunywa, akasogeza glasi ijazwe. "Inapita kama haijapita. Hatari hii."

Nilionja. Kile kilichokuwa mbali barabarani kilikuwa kimefika mlangoni. Hakuna yai, hakuna mkwaruzo. Ni utulivu tu, baridi, na uchungu mdogo unaokaa mwisho wa ulimi na hauondoki upesi. Fundi akanyoosha mkono kwenye chupa za nyuma kabisa ya friji, sita nilizozitenga.

"Hizo acha," nikasema. "Hizo hazijaamka."

Simu ikalia kwenye meza. Niliiona haikuwa maandishi. Ilikuwa sauti, sekunde ishirini na moja, jina la dada. Miaka minne hajawahi kunitumia. Nikatoka nayo mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, nikaweka sikioni.

Kwanza ilikuwa pumzi, na nyuma yake vyuma vya wodi vinagongana. Kisha akasema:

"Mdogo wangu. Leo ni ile tarehe, sivyo? Nimeanza na ule wa kwanza kabisa, wa siku niliyoondoka." Akakohoa kidogo. "Kilalie. Kitanda, kilalie wewe. Nikija tutabanana. Kesho nasikiliza wa pili."

Nilirudia kuisikiliza. Nilipiga hesabu, ziko mia tatu na kumi. Kwa mmoja kwa siku, tutamaliza kabla mwaka haujaisha.

Niliingia chumbani. Nikavua ndala, nikapangusa nyayo, nikalala kwenye kitanda cha dirishani mchana kweupe, chali, mikono kifuani. Ni kweli upepo unaingilia hapo. Friji ilikuwa inanguruma mlangoni, na mto ulikuwa bado una unywele wake mmoja, sikuwa nimebadilisha foronya.

Mama akachungulia, glasi mkononi.

"Wewe mtoto, unaumwa?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Nimelazwa."